Dozi ndogo inayotosha: maana yake mtoto mchanga anapopigwa eksirei

Muulize mtu yeyote dozi bora ya mionzi kwa mtoto ni ipi, atakujibu bila kusita: ndogo kuliko zote. Jibu hilo lina kasoro. Picha iliyopigwa kwa mionzi kidogo mno hutoka imejaa chenga, daktari haoni anachokitafuta, inabidi irudiwe, na mtoto anaishia kupata mionzi mara mbili. Ndiyo sababu ya neno "inayotosha": ni kiasi cha chini kabisa ambacho bado kinajibu swali la daktari. Wazo hili limetokana na kanuni ya ALARA, inayotaka mionzi ipunguzwe kadiri inavyowezekana bila kuharibu kazi yenyewe.

Watoto wanaangaliwa kwa jicho la pekee kwa sababu seli zao zinagawanyika kwa kasi, na seli inayogawanyika hudhurika kwa urahisi. Halafu kuna suala la muda. Saratani inayotokana na mionzi inaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kujitokeza, na mtoto wa miezi saba anayo miaka hiyo mbele yake kuliko mzee wa miaka 70. Mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Uingereza alionyesha uhusiano kati ya eksirei za tumbo la mama mjamzito na saratani za utotoni. Ilichukua miaka mingi kabla ya wenzake kulikubali jambo hilo.

Hata hivyo, mzazi asitishike kupita kiasi. Eksirei ya kifua cha mtoto mchanga, ikipigwa vizuri, hutoa takribani milisiverti 0.02 (milisiverti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini). Mionzi ya asili tunayoipata sote kutoka ardhini, hewani na angani ni wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na siku tatu hivi za kuishi tu duniani. Siti skani, inayounganisha eksirei nyingi kwa kompyuta, ni habari nyingine, dozi yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Kampeni ya Image Gently, ya kupunguza mionzi katika picha za watoto, iliyozinduliwa Marekani mwaka 2008, ilianza na siti skani kwa sababu watoto walikuwa wakipimwa kwa mipangilio ya watu wazima.

Kwenye eksirei ya kawaida, mimi naanza kutazama mstatili wa mwanga. Kabla kitufe hakijabonyezwa, taa ya mashine humwangazia mtoto mstatili wenye kivuli cha msalaba katikati. Panapoangazwa ndipo mionzi itakapopita. Kwa picha ya kifua, mstatili ubanwe kuanzia chini kidogo ya kidevu hadi mwisho wa mbavu, basi. Mwili wa mtoto mchanga ni mdogo kiasi kwamba ukiuachia sentimita chache tu, umeshaingiza tezi ya shingo juu na matumbo chini. Zipo picha zinazoitwa za kifua ambazo zinaonyesha mtoto mzima, kutoka taya hadi mapaja, na ukingoni mifupa ya vidole vya mtu aliyemshika, pete ikiwa mahali pake. Kuikata picha hiyo baadaye kwenye kompyuta kunaipendezesha tu, mionzi imeshapita.

Mashine za kidijitali zimeleta mtego wake. Zamani filamu ikizidishiwa mionzi ilitoka nyeusi, na kosa lilionekana na kila mtu. Siku hizi kompyuta husawazisha, na kadiri mionzi inavyozidi ndivyo picha inavyokuwa laini na safi. Hakuna anayelalamikia picha nzuri, kwa hiyo dozi hupanda kidogo kidogo bila mtu kushtuka. Kinga yake ni kusoma namba ya kiwango cha mionzi ambayo mashine huitoa pamoja na kila picha.

Wavu unaowekwa kuzuia miale inayotawanyika nao huondolewa, kwa kuwa mwili mwembamba hautawanyi mingi, na wavu ukibaki hudai dozi iongezwe. Muda wa kupiga uwe mfupi sana: mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika na hatasikia ukimwambia abane pumzi. Kwa njiti aliye kwenye kitamizi, nyaya zisogezwe pembeni kwanza, zisije zikapita juu ya mapafu.

Wazazi wengi huuliza aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, iko wapi. Tangu mwaka 2019 chama cha wanafizikia tiba cha Marekani kinashauri mgonjwa asifunikwe sehemu za uzazi kama desturi. Mionzi inayofika huko hutokana zaidi na mtawanyiko wa ndani ya mwili, ambao aproni haiuzuii, na ikiteleza inaficha kinachotafutwa. Anayemshika mtoto ndiye anayeendelea kuivaa.

Na pengine eksirei haihitajiki kabisa. Nyonga za mtoto wa miezi ya mwanzo bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, na ultrasaundi huziona vizuri kuliko eksirei. Ubongo nao hutazamwa kupitia utosi, pale laini panapopwita juu ya kichwa. Dirisha hilo hufungwa kwa watoto wengi kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu.