Nguzo haitoki kwa kuongeza nondo

Huyu ni mteja wa tatu mwezi huu. Tuko kiwanjani kwake Kirumba, hapa Mwanza, ramani tumeitandaza juu ya mifuko ya saruji, akaweka kidole kwenye nguzo ya katikati: "Injinia, hii toa, fremu mbili za duka ziwe moja. Ongeza nondo tu. Mbona daraja la Kigongo–Busisi limevuka ziwa?"

Mzee wangu, lile daraja la kilomita 3 limesimama kwenye msururu wa nguzo, na pale zinapoachana sana kuna minara na nyaya za kulishikilia. Wewe unauza viatu.

Nguzo zako zimeachana mita 3.5. Ukitoa moja, bimu, ile boriti ya zege inayolala juu ya nguzo, inaruka mita 7. Kwa mzigo ule ule kila mita, nguvu ya kuikunja inapanda mara 4. Hapo nondo zinasaidia, sibishi. Ila kubonyea hufuata kipeo cha nne cha urefu: mara 16! Dawa yake ni kina, yaani kimo cha bimu toka juu hadi chini. Bimu ya sentimita 30 sasa inadai kama 60, na mteja huyo huyo anataka dari nyoofu isiyo na kitu kinachoning'inia. Mkizisonga nondo badala yake, kokoto zinakwama juu na chini mnaacha mapango. Wala bimu haianguki, ndiyo maana watu hawaniamini. Inalegea taratibu kwa miaka, ukuta wa juu unapasuka mshazari, mlango unagoma kufunga, lawama anabeba fundi wa plasta.

Nyumba ya kuishi haina ugomvi huu. Vyumba ni vidogo na kuta zinaficha nguzo. Maegesho ni hesabu nyingine: gari linataka kama mita 2.5, kwa hiyo kati ya nguzo za mita 4 unaegesha gari moja na bodaboda.

Kinachoninyima usingizi mimi ni mawe yetu. Nguzo moja inatua juu ya jiwe, jirani yake kwenye udongo, nami nasogeza mistari ya nguzo nusu mita kulifuata jiwe. Je, ni mwamba wenyewe, au jiwe limejilalia tu? Tunachimba pembeni, tunagonga nyundo, tunasikiliza. Mara mbili nimedanganyika.

Yule wa Kirumba amekubali nguzo ibaki. Ataizungushia rafu, apange viatu vya watoto.