Tumbo la mjusi mla majani: maswali na majibu

Kweli kuna mijusi wanaoishi kwa majani?
Wapo, ila ni wachache. Wengi hula wadudu. Iguana wa kijani hula majani, na iguana wa baharini wa Visiwa vya Galápagos hula mwani.

Hutafunaje bila magego?
Hawatafuni. Meno ya iguana yana kingo kama za msumeno. Hukata kipande na kukimeza. Tumbo na utumbo mwembamba humeng'enya protini na sukari, lakini nyuzinyuzi hupita humo karibu zilivyoingia. Kazi ngumu iko nyuma, kwenye utumbo mpana. Mwanzo wake umetanuka, na ndani mna mikunjo inayochelewesha chakula ili bakteria wapate muda wa kuchachusha nyuzinyuzi. Uchachushaji huo hutoa asidi za mafuta, na mjusi huzifyonza zikampa nguvu. Humo huishi pia minyoo wadogo, kwa hiyo kuwaona kwenye kinyesi si lazima iwe ugonjwa.

Bakteria hao anawapata wapi?
Mtoto wa iguana hazaliwi nao. Katika wiki za mwanzo hula kinyesi cha wakubwa. Inachefua, lakini ndiyo chanjo yake ya kuanzia maisha.

Mla wadudu anaweza kugeuka mla majani?
Mwaka 1971 jozi 5 za mijusi wala wadudu aina ya Podarcis siculus zilihamishiwa kisiwa cha Pod Mrčaru, Kroatia. Miaka 36 baadaye wazao wao walikutwa wakila mimea kwa wingi, na utumbo wao ulikuwa na mikunjo ambayo kwa spishi hiyo si ya kawaida.

Iguana wangu anakula vizuri lakini tumbo limevimba. Kwa nini?
Anza na joto. Mjusi hujipasha kwa joto la nje, na akipoa bakteria wake nao huzubaa, chakula kikalala tumboni. Awe na mahali pa kuota penye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Uvimbe usipopungua, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Nimwongezee nyama?
Usimwongezee. Protini nyingi ya nyama huelemea figo na huweza kuleta jongo.

Na mimi niko salama?
Hata mjusi mzima wa afya huweza kubeba utumboni salmonela, yaani bakteria wanaoweza kumharisha mtu. Nawa kwa sabuni kila ukimshika, vyombo vyake visioshwe jikoni, na watoto wa chini ya miaka 5 wasimguse.