Kiongozi wa chama ni nani hasa?

Tangu gavana wa Lamu, Issa Timamy, ashike uongozi wa chama cha Amani National Congress (ANC), hilo swali halijaisha kwenye mabaraza ya Mkunguni, mjini Lamu. Kama kuna mwenyekiti na kuna katibu mkuu, huyu "kiongozi wa chama" kazi yake nini?

Katika siasa za Kenya, kiongozi wa chama ni yule anayebeba jina la chama mbele ya umma. Mara nyingi ndiye mgombea urais, au ndiye anayekaa mezani na wakuu wa vyama vingine muungano unapoundwa. Mwenyekiti huendesha vikao. Katibu mkuu huandika barua, hutunza kumbukumbu na kujibizana na Msajili wa Vyama vya Siasa. Juu yao wote kuna kongamano la wajumbe. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ukija msimu wa mchujo wa wagombea, muulize yeyote anayetaka udiwani Shela au Faza: anajua fika ni mlango wa nani wa kubisha ili cheti cha chama kisimpitie kando.

Zamani cheo hiki kiliitwa rais wa chama, na tangu mwanzo kimekuwa kama kanzu, hushonwa kwa kipimo cha mtu. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960, Jomo Kenyatta alikuwa kizuizini na serikali ya kikoloni haikumtaka, basi James Gichuru akamshikia kiti hadi 1961. Upande wa KADU, chama pinzani, rais alikuwa Ronald Ngala, mwalimu Mgiriama wa huku kwetu Pwani, na mwenyekiti wake alikuwa Daniel arap Moi. Chama kikavunjwa mwaka 1964, wote wawili wakaingia KANU.

Mwaka 1966, kwenye mkutano wa Limuru, wakubwa wa KANU walitaka kumwondoa Oginga Odinga, makamu wa rais wa chama. Hawakuhangaika kumfukuza. Kiti chake kimoja kilipasuliwa kikawa viti vinane, kimoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi, na cha Pwani akapewa Ngala. Ujanja wa aina yake, lazima tukubali.

Moi naye akawa rais wa KANU mwaka 1978, baada ya kifo cha Kenyatta. Machi 2002, kule Kasarani, chama kiliungana na NDP ya Raila Odinga na vyeo vikapangwa upya: Moi akawa mwenyekiti, Raila katibu mkuu, na chini ya Moi wakawekwa makamu wanne. Mmoja alikuwa Katana Ngala, mwana wa Ronald. Mwingine alikuwa Musalia Mudavadi.

Hapo ndipo habari inapofika Lamu. Timamy alishinda ugavana mwaka 2013 kwa tiketi ya UDF, chama alichogombea nacho urais Mudavadi mwaka huo. Akashindwa na Fahim Twaha mwaka 2017, akarudi mwaka 2022 kwa ANC, ambacho pia kilikuwa chama cha Mudavadi. Mwaka huohuo Mudavadi akateuliwa Mkuu wa Mawaziri, na Ibara ya 77 ya Katiba inamkataza afisa wa serikali aliyeteuliwa kushika wadhifa chamani. Neno zito hapo ni "aliyeteuliwa". Gavana hateuliwi, huchaguliwa kwa kura, kwa hiyo Timamy hakuwa na kizuizi hicho. Rais wa nchi vilevile: ndiyo maana William Ruto anaongoza chama chake, UDA, akiwa Ikulu.

Wako wanaosema Timamy alikuwa anamshikia Mudavadi kiti tu, kama Gichuru. Huenda, lakini Gichuru alikuwa na mtu wa kumrudishia. Januari 2025 ANC ilimezwa na UDA, na Timamy akapewa unaibu kiongozi huko alikohamia.