Je, dawa ya usingizi inaukinga ubongo?

Ndugu wa majeruhi wa bodaboda aliyeumia kichwa hutuuliza mara nyingi: "Dokta, si mumlaze usingizi mzito tu, ubongo upumzike?" Swali lina mantiki, na wataalamu wa dawa za usingizi wamehangaika nalo kwa miaka mingi.

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Zaidi ya nusu ya hiyo huenda kwenye mawasiliano ya seli. Inayobaki huziweka hai tu. Thiopentoni, dawa ya usingizi ya sindano, ikitolewa kwa dozi kubwa huyanyamazisha mawasiliano hayo mpaka mstari kwenye mashine inayopima umeme wa ubongo unalala bapa. Ukishafika hapo, kuongeza dozi hakupunguzi tena njaa ya seli.

Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 262 ambao moyo ulisimama, ukarudishwa, wao wakabaki hawajitambui. Waliopewa thiopentoni hawakupona vizuri zaidi ya wenzao. Sababu mojawapo si ngumu kuiona: moyo ukisimama, umeme wa ubongo hutoweka wenyewe ndani ya sekunde 20 hivi. Madhara makubwa hutokea seli zikiwa kimya tayari. Ni kama kuzima taa kwenye nyumba iliyokwisha kukatiwa umeme.

Bado tunaitumia thiopentoni pale shinikizo ndani ya fuvu linapogoma kushuka kwa njia nyingine. Ila ina gharama: karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne presha yake huanguka. Kwa aliyeumia kichwa, namba ya juu ya presha ya damu ikishuka chini ya 90, hata mara moja, hatari ya kifo huongezeka sana. Ndiyo maana ketamini, dawa nyingine ya usingizi ambayo zamani tulikatazwa kuigusa kwa wagonjwa hawa, imerudi kwa heshima: anayepumuliwa na mashine haimpandishii shinikizo la fuvu kama ilivyohofiwa, na presha haiiangushi kirahisi. Uzuri ni kwamba hata hospitali nyingi za wilaya wanayo.

Kazi kubwa tunaifanya kwenye presha, oksijeni, sukari na homa. Hata kitanda ni tiba: upande wa kichwa huinuliwa nyuzi 30 hivi. Ukimkuta mgonjwa wako amelazwa hivyo, shingo imenyooka, usimwongezee mto. Shingo ikipinda, mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani hubanwa, na shinikizo linapanda.