Kupokea simu tu hakuondoi hela

Jamani ile meseji ya "usipokee namba hii, ukipokea tu hela yote ya kwenye simu inaondoka" imezunguka kwenye magrupu miaka na miaka na mama zetu bado wanaiogopa, ila si kweli, hela ya M-Pesa au Airtel Money haitoki bila PIN. Wizi uko kwenye maongezi: tapeli anajifanya wa huduma kwa wateja, anakuomba PIN au zile tarakimu 6 zilizoingia kwa meseji, au anakuelekeza ubonyeze menyu mpaka unamtumia hela kwa mkono wako. Hapo ndo pa kukata. Ila namba ya nje ikilia mara moja ikakatika, usiirudishie, inaweza kukumalizia salio, Wajapani wanauita mchezo huo wangiri.