Baridi ya Mbeya haipunguzi ukali wa gesi ya friji

Mwezi wa saba ukiamka alfajiri hapa Uyole, friji ni kitu cha mwisho kukifikiria. Lakini wafugaji wa Rungwe wana maziwa ya jioni yanayongoja gari la asubuhi, na vijana wenye mkono mwepesi wanageuza friji kuukuu kuwa vipoza maziwa. Wazo zuri. Kinachonitisha ni maneno wanayopeana wakiwa na spana mkononi.

“Kwa baridi hii mtungi hauna presha.” R134a, moja ya gesi za friji, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata asubuhi ya nyuzi 10, mtungi wake una presha kuliko tairi la gari dogo. Uache juani ndani ya gari mpaka ufike nyuzi 60, presha inapanda kama mara nne.

Ni kweli baridi huifanya gesi itoke kwa uvivu, na hapo ndipo mtu husogeza mtungi jikoni. Usithubutu. Beseni la maji ya vuguvugu linatosha.

“Gesi ya friji haiwaki.” Mzee aliyejifunza kazi enzi za gesi ya zamani, R12, ana haki ya kusema hivyo. Ile haikuwaka, ila ilikula tabaka la ozoni, ndiyo maana ikaondolewa baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Friji nyingi za sasa zina R600a, ndugu wa damu wa gesi tunayopikia. Ikifika asilimia 2 tu ya hewa inaweza kushika moto. Ni nzito kama mara mbili ya hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na haitiwi ile harufu inayotushtua mtungi wa jikoni ukivuja.

Sasa kitazame chumba cha fundi wetu mwezi wa saba: dirisha limezibwa kwa gunia, mlango umerudishwa, jiko la mkaa liko miguuni. Hapo gesi imeandaliwa kila kitu. Soma kwanza kibandiko cha kompresa, ile tunayoiita mota. Ukiona R600a, toka nje, kaa mbali na moto, na bomba likatwe kwa kikata bomba, kamwe si kwa mwali. Hata R134a isiyowaka, ikipita kwenye mwali hugeuka moshi wa sumu.

“Oksijeni ya kuchomelea inafaa kupimia uvujaji.” Hili ndilo la hatari kuliko yote. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka bila hata cheche. Inayotumika ni nitrojeni kavu, kupitia regyuleta, kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, kisha povu la sabuni kwenye maungio.

“Glavu na miwani ni mbwembwe.” Nami nilikuwa hivyo. Siku moja nilifungua mpira wa geji, kimiminika kikanirukia kidole gumba. Ngozi ikawa nyeupe na ngumu kama mshumaa, nikaisugua kwa nguvu, kosa la pili. Ilitakiwa maji ya vuguvugu na subira. Kingerukia jichoni, ingekuwa kuosha kwa maji mengi dakika 15 na kukimbilia hospitali.

Kidole kilipona, ila kila Juni ndicho cha kwanza kufa ganzi.