Je, wajua kwa nini namna seli inavyokufa huathiri nguvu ya chanjo?

Mzazi aliyempeleka mtoto kliniki analijua kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu: wiki chache baada ya sindano hutokea kipele, kipele huwa kidonda kidogo, kidonda hukauka na kuacha alama. Mahali hapo seli zimekufa, na watafiti wa chanjo hutaka kujua zimekufaje.

Seli haina kifo cha aina moja. Kipo kilichopangwa, ambacho mwaka 1972 kilipewa jina la apoptosisi: seli husinyaa, hukatakata vinasaba vyake yenyewe na kugawanyika katika vifuko vilivyofungwa vyema, ambavyo seli jirani huvimeza. Kipo pia cha kupasuka, ambapo utando huchanika na vilivyomo humwagika.

Bakteria wa kifua kikuu huitumia vibaya tofauti hiyo. Wakishamezwa na makrofaji, seli mlinzi wa mapafu, huizuia isijiue kwa mpango, huzaliana ndani yake, kisha huipasua na kuvamia nyingine. Kama ingewahi kufa kwa apoptosisi, seli za dendriti zingevimeza vile vifuko pamoja na protini za bakteria, zikazipeleka kwenye tezi za limfu na kuzionyesha seli T, askari wa kinga ya mwili, sura ya adui. Habari hiyo huchelewa, na mgonjwa ndiye anayeumia.

BCG yenyewe ilipatikana Lille, Ufaransa, ambako watafiti Calmette na Guérin waliotesha upya bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwa miaka 13, kuanzia 1908, mpaka bakteria hao wakapoteza silaha ya kutoboa kifuko kinachowafunga ndani ya makrofaji. Upole huo umewaokoa watoto wengi na kifua kikuu cha ubongo, lakini naamini ni sehemu ya sababu ya chanjo hiyo kuwakinga kidogo watu wazima dhidi ya kile cha mapafu.

Ndipo watafiti wa taasisi ya Max Planck, Berlin, wakaipandikizia BCG jeni ya bakteria mwingine, listeria, inayotengeneza protini ya kutoboa kifuko hicho. Kwa kuwa protini hiyo huhitaji asidi, iliwabidi pia waondoe jeni ambayo BCG huitumia kupunguza asidi. Kifuko kikivuja, makrofaji huelekea kwenye apoptosisi kwa urahisi zaidi. Katika panya, chanjo hiyo, VPM1002, iliishinda BCG, na imejaribiwa kwa maelfu ya watoto wachanga barani Afrika, wakiwemo wa Kenya, Tanzania na Uganda.